Kichwa cha pikapu hakinyanyuliwi kwa pilau

SEHEMU YA 1

Mama wenzangu. Leo siongelei homa ya mtoto wala chanjo. Leo naongelea pikapu. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, "nesi naye kahamia gereji." Cheka, ila usiondoke.

Jumamosi iliyopita nilikuwa zamu ya mchana. Saa 9 hivi analetwa baba mmoja kwa bodaboda, kabanwa mshikaki katikati ya watu wawili, mkono umefungwa kanga na kanga imelowa chapachapa. Vidole viwili vimesagwa. Nyuma yake inakuja bajaji, ndani yake mke na watoto. Yule mama mikono bado inanukia vitunguu. Alikuwa jikoni.

Nikamuuliza kilichotokea. Akasema, "Walikuwa wanatoa kichwa cha gari, nesi. Waliita majirani, mimi nikaambiwa nipike pilau ya watu 12." Hilux ya zamani, ile ya milango miwili, chasisi imeliwa na kutu, wamepanga kuichomelea nyumbani ili kuokoa hela ya gereji. Wakakishika wote, moja mbili tatu, kikapanda. Halafu mmoja akateleza.

Nikamuuliza na watoto walikuwa wapi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Wakubwa aliwaona. Yule mdogo wa miaka 4 hakujua alikuwa wapi. Alikuja kuambiwa na jirani kwamba mtoto alikuwa amekaa nyuma, kwenye bodi ya kubebea mizigo ya gari hilo hilo, miguu inaning'inia, anatazama kama sinema.

Kidole kimoja kiliokolewa. Kingine hakikuwa na cha kuokoa. Huyu baba ni fundi wa kupaka rangi nyumba, yaani mkono ndiyo duka lake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua nitaambiwa nadharau watu wasio na hela. Sidharau. Pikapu kuukuu ndiyo inayolisha nyumba nyingi, inabeba ndizi, maji, mchanga, mahindi, na Jumapili inabeba kwaya. Kuitengeneza nyumbani si kosa. Ugomvi wangu ni huu utaratibu tulioufanya sherehe: kuita wanaume mtaa mzima, kumpa mama sufuria kubwa, kuacha watoto wazunguke, halafu kuinua chuma kizito kwa mikono na kelele. Tunachezea viungo vya watu, na tunakula pilau baada yake.

SEHEMU YA 2

Nimerudi. Jana usiku kuna shemeji kaniandikia: "Nesi, watu 12 hawashindwi na kichwa cha gari." Basi tupige hesabu pamoja.

Kichwa cha pikapu ya milango miwili, kikiwa na milango, vioo, viti na dashibodi, kwa kawaida ni kilo 200 na zaidi. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, panga minne, ongeza na mingine juu. Kwenye karatasi ukigawa kwa watu 12 kila mmoja anabeba kama ndoo ya maji. Rahisi eeh?

Lakini karatasi haina utelezi. Uzito wa kichwa haujakaa sawa. Upande wa mbele, kwenye dashibodi na ule ukuta wa kutenga injini, ndiko kuzito. Wa kupata pa kushika vizuri ni wachache, wengine wanagusa tu bati na kupiga kelele. Kingo za bati lenye kutu zinakata kama kisu. Na mmoja akiachia, fungu lake halipotei, linahamia kwa jirani yake ghafla. Huyo naye anaachia. Haachii kwa uoga, mwili wenyewe unaokoa mgongo wake kabla hajafikiri. Ndani ya sekunde moja wote wamebaki mikono mitupu, na kitu kinashuka. Hakuna wa kulaumiwa, ndiyo maana naulaumu utaratibu.

Na hata wakifanikiwa kukiinua, wanakwenda nacho wapi? Kichwa hakitolewi kwa kunyanyuka kidogo tu, lazima kipite juu ya injini na gia boksi, halafu watu watembee nacho kando, tena kinyumenyume, juu ya mawe na mizizi, bila kuona miguu yao. Mimi hapo ndipo ninapowapata. Vidole vya miguu, migongo, mapaja.

"Basi tutafunga winchi kwenye mwembe." Haya, mwembe. Winchi ya mnyororo, ile mafundi wanaita cheni bloku, ina kibao kimeandikwa inabeba tani ngapi. Ndoano yake ina uzito wake uliopimwa. Tawi la mwembe limeandikwa nini? Tawi linaweza kuwa bichi na nene kwa nje, ndani mchwa wamekaa tangu mwaka juzi. Winchi ya tani 1 iliyofungwa kwenye tawi haina tena tani 1, ina uwezo wa tawi, na tawi hakuna aliyelipima. Mzigo ukining'inia kwenye mti unabembea pia. Hauanguki tu chini, unakuja kwa upande, kifuani kwa mtu.

Halafu tofali. Jamani, tofali! Nyumba ngapi nimepita nikaona gari limekaa juu ya matofali ya saruji? Tofali linabeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote na limeshikwa na wenzake. Likiwekewa chuma kwenye nukta moja linapasuka, na halionyi. Mbao ngumu ikilemewa inalia kwanza, inajikunja, unapata muda wa kutoka. Tofali ni "pa", basi.

SEHEMU YA 3

Leo nawapa lugha ya mafundi kidogo ili mkiuliza msijibiwe "wewe hujui mambo ya gari." Nilikaa kwa fundi mmoja mzee, miaka yote anashughulika na Hilux na Land Cruiser, nikamwambia nieleze kama unamweleza mtoto.

Kichwa kimekaa juu ya chasisi kwa bolti zinazopita kwenye mipira. Mipira inazuia mtikisiko. Bolti hizo kwenye gari kuukuu zimeshikana na kutu, mara nyingi hazifunguki kwa spana, zinakatwa kwa grainda au zinapashwa moto wa gesi. Simama hapo kwanza. Bomba za mafuta zinapita pembeni ya chasisi. Cheche za grainda na bomba la petroli lenye nyufa, tena mtoto amesimama mita mbili anatazama "fataki." Betri inatolewa kwanza kabisa, waya wa hasi ukitangulia. Bomba za mafuta zinazibwa, mchanga unakuwa kwenye ndoo, kizimia moto cha unga kinakuwa karibu. Petroli ikiwaka msiimwagie maji, maji yanaisambaza.

Ukiacha bolti, kichwa kimefungwa na vitu vingine kibao: mti wa usukani, bomba za breki, bomba la klachi, kebo ya mafuta, kebo ya spidi, kebo ya hendibreki, waya za injini, mipira ya maji ya hita kama ipo, kijiti cha gia. Na kuna ule waya mmoja mnene wa kurudisha umeme kwenye chasisi. Yule mzee akaniambia huo waya na kebo ya hendibreki ndivyo vinavyosahaulika.

Wameinua, kila kitu kinaenda vizuri, mara upande mmoja unagoma. Kichwa kimeinama. Kumbe kuna kebo moja bado imeshika. Wanaume wamebeba mzigo, jasho linatoka, mmoja anapiga kelele "ngoja, ngoja," na kijana mmoja mwepesi, kila mtaa una kijana mmoja mwepesi, anaingiza mkono au anaingia chini na kisu kuikata. Kebo ikikatika, kichwa kilichokuwa kimevutwa upande kinaruka kurudi. Na yeye yuko chini.

Kwa hiyo kama kuna neno moja la kumwambia mumeo usiku huu, mwambie hili: kikikwama kinashushwa. Kinarudi kilipotoka, juu ya mbao, ndipo watu watafute kilichokwama. Hakuna kukata kitu chini ya mzigo ulioinuliwa, hata kama ni uzi.

La pili watu hawalifikirii kabisa. Ukishafungua bomba za breki na kebo ya hendibreki, ile chasisi iliyobaki chini haina breki. Hakuna. Ni magurudumu manne, injini, na mteremko wa uwanja wako. Kwenye mtaa wetu nyumba zipo juu, barabara ipo chini, na watoto wapo barabarani wanacheza rede. Magurudumu yawekewe vizuizi vya mbao mbele na nyuma kabla bomba la kwanza halijaguswa, na kama uwanja una mteremko kazi isifanyike hapo.

SEHEMU YA 4

Wengi mmeniuliza, "sasa nesi, unasema tusifanye?" Swali la kwanza: kwani lazima kichwa kitoke?

Mumeo muulize hivyo hivyo, kwa upole, akiwa ameshiba. Kama anabadilisha mipira ya bodi, haina haja kutoka. Bolti zinalegezwa, upande mmoja unainuliwa sentimita chache kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake, mbao inawekwa kushikilia, mpira unabadilishwa, unashushwa, unahamia upande wa pili. Kama kutu imekula sehemu ya nyuma ya chasisi, hapo inatoka bodi ya mizigo, kichwa kinabaki. Wapo wanaotoa kichwa kwa sababu waliona mahali mtu katoa, na picha ilipendeza.

Kama lazima kitoke, swali la pili ni hela, na hapa nakubali hoja ya kina baba. Gereji ni ghali. Ila piga hesabu yote. Hesabu pilau ya watu 12, soda, na siku nzima ya watu ambao nao wana kazi zao. Wapo mafundi wanaokodisha fremu ya chuma ya kuning'iniza winchi, wapo wanaokubali kufanya kazi ya kuinua tu na mengine ukafanya mwenyewe. Ulizia bei yake kwanza kabla hujasema ni ghali. Huyu baba wa Jumamosi, hata nisipohesabu dawa, ana wiki nyingi hatashika brashi.

Na anayeshindwa kabisa gereji afanye kwa njia ya polepole. Fundi mzee aliniambia hivi, nami nawapa kama alivyonipa. Kwanza kichwa kinapunguzwa: milango, viti, vioo, kila kinachotoka kinatoka. Halafu inaingizwa mihimili miwili imara chini ya kichwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, mirefu kuliko upana wa gari, ili nguzo zake zikae nje ya magurudumu. Inainuliwa kwa jeki, kona kwa kona, sentimita chache kwa wakati mmoja, na kila inapopanda mbao nene zinapangwa chini msalaba kwa msalaba, kama watoto wanavyojenga nyumba kwa njiti za kiberiti. Jeki inainua tu, mbao ndizo zinazobeba. Mafuta ya jeki yakivuja, kichwa kinashuka upana wa kidole, hakishuki mita. Kikishakuwa juu vya kutosha, chasisi inatolewa kwa chini, inavutwa taratibu na kamba huku watu wawili wakitembea na vizuizi vya magurudumu. Mkono hauingii kwenye mwanya, kinaingia kijiti. Watu wanne wenye akili timamu wanatosha, na mmoja tu ndiye anayetoa amri.

Inachukua siku nzima. Inachosha. Haina kelele wala sifa, ndiyo maana vijana hawaipendi.

"Mungu yupo," mmoja kaniambia. Yupo, hata mimi namwomba nikiingia zamu. Mbao nazo zipo, pale kwenye mashine ya kupasulia.

"Mambo ya gari ni ya baba." Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Usiku wodini nani anakesha kwenye kiti? Nani anapeleka uji, nani anamuosha mtu mzima mwenye bandeji mikono yote, nani anaenda kwa mwenye nyumba kuomba kodi isubiri? Ni mama. Kama mwisho wa habari ni wako, na mwanzo wake una sauti humo.

Nguvu yako unaijua? Ni ile sufuria. Hao watu 12 hawaji kwa mapenzi ya Hilux, wanakuja kwa sababu kuna chakula na kuna kutazamwa. Mwambie, baba, mimi pilau napika, ila moto nauwasha nikishaona mbao, nikishaona magurudumu yamezuiwa, na watoto wakishafika kwa bibi yao. Usigombe mbele ya watu, mwambie usiku uliotangulia. Mwanaume akishakusanya wenzake uwanjani hawezi kurudi nyuma tena, hata akijua umesema kweli.

SEHEMU YA 5

Hii ya mwisho ni ya watoto, na ndiyo eneo langu hasa.

Siku ya kazi watoto wasiwe pale. Sisemi wakae mbali kidogo, nasema wasiwe pale. Kwa bibi, kwa jirani wa mtaa wa pili, popote. Mtoto wa miaka 3 ukimwambia "kaa hapo" atakaa mpaka aone kipepeo. Na wewe uliyebeba mimba, usikubali kuitwa "njoo ushike hapa mara moja tu."

Majimaji yanayotolewa kwenye gari msiyaweke kwenye chupa za soda wala za maji. Narudia na nitarudia mpaka nistaafu. Maji ya redieta yenye dawa ya rangi ni matamu mdomoni na ni sumu, yanaua figo. Mafuta ya breki nayo ni sumu. Mtoto akinywa petroli, dizeli au mafuta ya taa usimtapishe, na usimpe maziwa. Ikipanda tena ndiyo inaingia mapafuni, na hapo ndipo tunapowapoteza. Mwahishe hospitali ukiwa na ile chupa. Maji ya betri yakimrukia machoni au kwenye ngozi, maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, ndipo mje. Dakika 20 ni nyingi, angalia saa, usikisie.

Rangi ya zamani inayopigwa msasa inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi la breki na klachi za zamani linaweza kuwa na asbesto. Ovaroli ya baba isikung'utwe ndani, isifuliwe na nguo za mtoto, na baba asimbebe mtoto kabla hajaoga. Najua anakukimbilia "baba, baba." Aoge kwanza.

Ikitokea mtu amebanwa, msimvute. Inueni mzigo kwa jeki, wekeni mbao, ndipo atoke. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi, kanga safi inafaa, na usifunue kila mara kuchungulia. Msitie kahawa, majivu, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Tunapoteza muda kuyatoa na kidonda kinachafuka. Pete ivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko ndio uweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Njoo nacho.

Na aliyebanwa paja au mguu kwa muda, hata akitoka anatembea na kucheka, aje hospitali. Msuli uliosagwa unamwaga sumu yake kwenye damu baadaye na figo zinaziba. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Kidonda cha chuma chenye kutu kinahitaji sindano ya pepopunda, na baba ndiye huwa hajui mara ya mwisho alichomwa lini.

Bado kuna kichwa chenyewe. Nyumba nyingi kinatolewa, hela inaisha, kinakaa uwanjani miezi minane juu ya mapipa. Unajua nani anakigeuza chake? Watoto. Kina usukani, kina kioo cha mbele, ni gari tosha. Wanapanda watano, wanaendesha mpaka Dar, wanarukaruka, mapipa yanasogea. Kikishushwa kikae chini kabisa, juu ya matairi au mbao zilizolala, kisiweze kupinduka, na vioo vilivyovunjika vitolewe. Kama kimebaki na milango, vitasa vitolewe, maana kwa jua la saa 7 mtoto aliyejifungia humo ndani hana muda mrefu.

Yule mama wa Jumamosi alinipigia jana. Kichwa cha gari bado kipo pale kilipoangukia, nusu juu ya chasisi nusu hewani, kimeegemea tofali moja. Nimemwambia asimruhusu mtu kukigusa, azungushie kamba, watoto walale kwa shangazi yao. Fundi mzee kakubali kwenda kesho saa 1 asubuhi na mbao zake. Pilau hakuna, nimemwambia achemshe chai tu.

Naingia zamu ya usiku. Mwenye swali aniandikie, nitajibu asubuhi.